Saa Moja na Dakika Ishirini na Tano

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kapiga simu dukani, nimeshika saa ya mteja, kioo cha kukuzia kiko jichoni. Baba amezidiwa. Figo zimegoma, daktari kasema wasimwache peke yake. Kisha kaka akasita. Eti jana Mzee kauliza: fundi bado hajamaliza saa yangu?

Fundi! Miaka kumi na moja hajaniita hivyo. Karakana yake alimpa kaka, ambaye hata bisibisi hajui ashike upande gani. Mimi niliyekaa naye mezani tangu nina miaka tisa niliambiwa nitaolewa. Nikafunga virago, nikaja huku, nikafungua kiduka changu. Sikurudi tena. Wakiniuliza, nasema ni mbali.

Jioni binti yangu katafuta kwenye simu. Kilomita mia tisa na arobaini. Kwa ndege, saa moja na dakika ishirini na tano. Akanitazama. "Mama, ndiyo mbali yako hii? Foleni ya benki inaishinda!"

Nimemwambia akaoshe vyombo. Aibu imenishika.

Jumanne, 5 Machi

Ndege ya leo imejaa. Nimepata ya kesho, saa nne asubuhi.

Nimefungua droo ya chini. Saa ya Mzee imo, kwenye bahasha ileile aliyoleta kaka miaka mitatu iliyopita. Bahasha tu, bila neno. Siku ile nilisema aniombe kwa mdomo wake mwenyewe — nikaitupa humo. Sikuigusa. Mimi, nisiyelaza saa ya mtu wiki!

Leo nimeifungua. Natafuta ubovu, siuoni. Springi nzima, magurudumu mazima. Skrubu moja tu imelegezwa, nusu mzunguko, bila hata mkwaruzo. Huo ni mkono wa fundi. Mzee angeikaza amefumba macho.

Kumbe alikuwa ananiita! Miaka mitatu ananiita, nami nimemfungia kwenye droo. Nimelia mpaka mteja kaondoka bila kuulizia saa yake.

Jumatano, 6 Machi

Uwanja wa ndege. Kaka anasema Mzee anapumua kwa shida, ila macho hayabanduki mlangoni. Nikamwambia, mwambie saa imepona, naileta. Kasema niharakishe. Niharakishe vipi, rubani ni mimi? Tumepanda, tumeambiwa tuzime simu.

Angani. Saa ya Mzee nimeivaa, inanipwaya. Dakika arobaini. Dakika sitini. Abiria wa pembeni anakoroma, heri yake. Naandika ili muda usogee. Ee Mungu, msubirishe kidogo. Nilidhani safari itanichosha — hata miguu haijafa ganzi.

Tumetua. Saa moja na dakika ishirini na tatu, tena wamewahi. Watu wamesimama wote, wanagombania mizigo. Simu zinalia kila upande: nimefika, ndiyo, nimefika. Yangu iko mapajani, bado nimeizima. Ndege nzima imebaki viti vitupu na mimi. Mhudumu kanijia mara ya pili. Mama, tumeshafika. Namwambia nimesikia, mwanangu, dakika moja tu.

Saa inatembea vizuri. Haijapoteza hata sekunde. Kidole kiko kwenye kitufe cha simu —