Sukari Sita, Chumvi Nusu

Ifakara, Ijumaa, Juni 1996

Jua limewaka tangu asubuhi, na moyo wangu pia. Daftari langu, leo nakuandikia huku nacheka peke yangu.

Nimefaulu.

Sasa nikuungamie. Lile jaribio la kwanza, ambalo sikukuandikia, nilifeli. Kijiji chetu cha Namawala kilinichagua mimi, mama mzima wa darasa la saba, nije kusomea uhudumu wa afya. Nami nikaandika kwamba mtoto anayeharisha achanganyiwe chumvi vijiko sita, sukari nusu. Mwalimu hakunifokea. Alisema tu kwamba maji yale yangemdhuru mtoto, na nikikosea tena nitarudi nyumbani, kijiji kitafute mwingine.

Nilijifungia chooni nikalia.

Na si kwamba sikusoma. Nilisoma kama ninavyosali rozari siku ninapokuwa nimechoka, Mungu anisamehe: midomo inakwenda, akili iko shambani inafukuza ndege kwenye mpunga.

Aliyeniokoa ni wifi Tekla, ninayekaa kwake. Hajui kusoma. Jioni moja alikuwa anapeta mchele, akanisikia nanong'ona ukurasa uleule wa daftari la masomo.

"Wifi, funga hilo daftari. Nifundishe mimi."

Nikajaribu. Kumbe sijui kitu. Kila nilipokwama alisimamisha ungo, akauliza kama nilikwenda darasani au nilikwenda kunywa chai. Hapo nafungua daftari, natazama pale nilipokwama tu, nafunga, naanza upya. Kesho yake ananiuliza ya jana. Siku tatu zikipita anaiuliza tena, ghafla, tukiwa njiani kwenda kisimani. Masomo yakaanza kukaa.

Leo mwalimu kanisimamisha mbele ya wenzangu na ndoo, chumvi na sukari. Sikuutafuta ukurasa kichwani. Niliuona ungo wa wifi, nikaeleza kama namweleza yeye. Wakanipigia makofi.

Nikarudi mbio kumpasha habari. Nikamkuta uani na jirani ambaye mwanawe anaharisha. Amemshika mkono, anamwambia polepole:

"Maji lita moja, yaliyochemshwa yakapoa. Sukari vijiko vya chai sita, usivijaze kilima. Chumvi nusu kijiko. Ukigeuza hapo, umemuumiza mtoto. Haya, nirudishie nisikie."

Nikasimama mlangoni, nikafanya ishara ya msalaba.

Kumbe tumefaulu wawili.

Jumatatu narudi Namawala. Ee Bwana, nijalie kule nako mama mmoja mwenye maswali kama ya wifi.