Jogoo wa Upande wa Pili

Jumatatu, 6 Machi 1995
Nimetoka kiwandani, mikono inanuka sangara. Nimeoga, nimeweka kanda. Albamu ya yule jamaa aliyepigwa picha kakaa juu ya boneti. Bezi bomba. Risasi nyingi mno, utadhani anaziuza. Kiingereza chake sikipati chote. Rwegasira, tunayekata minofu meza moja, ndiye mkalimani wangu. Mhaya huyo, neno asilolijua analitunga. Anasema albamu nzima ina ujumbe mmoja: usimwamini mtu. Nimeukubali.
Mwisho wa upande wa pili kuna jogoo anawika. Sijawahi kusikia ubunifu wa namna hiyo.

Jumatano, 8 Machi
Albamu ya lile kundi la watu watano. Mbovu. Wanne wanafoka tu, wa tano ndiye anajua. Nimerudia ya boneti kusafisha masikio.
Jogoo yule namjua. Ni wetu, wa hapa Mabatini, anayewika kama bawaba isiyo na mafuta. Marekani kafikaje?
Mtu amerekodi kwenye kanda yangu. Hii nilisahau kuivunja vile vidude vya plastiki ambavyo ukivivunja kanda hairekodiki tena. Mama mashine haigusi. Anayejua ufunguo wa chumba changu unapokaa ni Rwegasira peke yake.

Alhamisi, 9 Machi
Nimemuuliza Rwegasira huku namwangalia machoni. Kaangalia kisu. Anaficha kitu.
Mama kapika ugali na sato. Nimeacha nusu sahani. Kaniuliza kama naumwa. Nimemkaripia.

Ijumaa, 10 Machi
Kanda haipo. Nimepekua mpaka chini ya godoro.
Mchana nimemwita Rwegasira mwizi, mbele ya meza zote. Kainamia minofu yake. Asiye na hatia angejibu. Msimamizi kasikia, na kiwandani neno hilo halina mchezo. Kamwambia asije tena mpaka aitwe.
Nimesikiliza ile albamu ya ving'ora. Nzito, nzuri. Nina hasira bado.

Jumapili, 12 Machi
Mama kanipa mzigo nipeleke basini, wa kaka Masanja, yuko machimboni Mererani. Michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nimeubinya, nikasikia kitu kigumu. Sikumwamini hata mama yangu, nikaufungua.
Kanda yangu.
Nimeiweka. Upande wa kwanza, jamaa wa boneti yupo. Upande wa pili, mama.
"Masanja mwanangu, kuandika sijui, nakutumia sauti. Rwegasira ndo amenionyesha pa kubonyeza. Jumamosi tulijaribu kwanza, akawika huyu jogoo. Nimemwomba asimwambie Shija, naye ameapa. Kanda ni ya Shija. Nimeichukua, naogopa kumwomba. Mdogo wako siku hizi mkali, baba. Hata kumsalimia namwangalia uso kwanza."
Jogoo akawika tena. Nimezima. Nina aibu, sikumbuki kama nimewahi kuwa nayo hivi.

Jumatatu, 13 Machi
Nimemwambia msimamizi ukweli, wenzangu wakisikia. Kasema ataona. Mezani nimekata peke yangu.
Jioni nimepita kwa Rwegasira. Alikuwa anafua. Nimeomba msamaha. Kasema amesikia, akaendelea kufua. Kiti hakunipa.
Nyumbani nimemwambia mama shikamoo. Kaniangalia uso kwanza, ndipo akaitika.
Nimevunja vile vidude vya kanda, vyote viwili. Nimeirudisha kwenye michembe, nikafunga kamba kama mama alivyokuwa ameifunga. Basi linaondoka alfajiri.