Mtahini wa Pili

Mwalimu, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Natumaini hamjambo, mgongo wako umetulia, na wale wanafunzi wako wa kidato cha nne bado hawajakumaliza. Mimi mwili hauna neno. Dawa ya presha nameza kila asubuhi kama nilivyoagizwa, na kitambi unachonitania kila tukionana kipo palepale. Moyo ndio haujatulia, na sababu utaiona ukisoma mpaka chini. Nakuomba usome mpaka chini.

Barua yako niliipata siku kumi na moja zilizopita. Ungeweza kunipigia simu, lakini uliandika kwa mkono, kurasa mbili, nikajua jambo limekukaa vibaya. Umesema umemkatia tamaa binti yako. Miaka mitano ya uzamivu imekwisha, joho hakuna, cheti hakuna, nafasi yake katika chuo rafiki cha ng'ambo kapewa mtu mwingine, na kila ukimuuliza anakujibu kwamba anasubiri mtahini. Umesema hakuna mtahini anayesubiriwa mwaka mzima na zaidi, kwamba huo ni uongo wa mtu mvivu, na kwamba ulimwambia asikupigie tena mpaka amalize. Sasa ni mwezi wa nne hamjasemezana. Ukaniuliza, kwa kuwa niko hapa chuoni na mimi kwake ni kama baba mdogo, nikueleze ukweli: mtoto huyu ana akili ya kumaliza, au anawachezea?

Nitakujibu. Ila niruhusu nianze mbali kidogo, maana nikianza karibu nitashindwa.

Unajua kwamba miaka hii sita nimekuwa mkurugenzi wa ushirikiano. Ofisi iko ghorofa ya pili ya jengo la utawala, ina zulia, na vibendera vya mezani ambavyo mhudumu huvipanga upya kila anapokuja mgeni. Kazi yangu ni kupokea wajumbe, kutia saini hati za makubaliano na kupigwa picha nikiwa nimeshikana mikono na watu. Ukutani nina picha arobaini na mbili, na zote nimekenua meno. Makubaliano tunayojivunia kuliko yote ni hayo ya chuo rafiki. Kila mwaka wanawachukua wahitimu wetu wawili wa uzamivu wakafanye utafiti katika maabara zao kwa miaka miwili. Binti yetu aliipata nafasi hiyo kwa jasho lake, akiwapita wenzake thelathini na kitu. Sharti lilikuwa moja tu, tasnifu yake iwe imetahiniwa kabla ya tarehe ya mwisho.

Tasnifu hapa kwetu husomwa na watahini wawili. Wa kwanza hutoka chuo kingine. Wa pili ni wa humuhumu ndani, na jina lake mwanafunzi haambiwi, wala msimamizi wake. Wanaolijua ni mkuu wa masomo ya uzamili na karani wake. Ni utaratibu mzuri, uliwekwa ili mtahini asibembelezwe wala kutishwa. Mtahini wa kwanza alileta ripoti yake ndani ya wiki saba, sifa tupu kuanzia juu mpaka chini. Wa pili hakuleta. Karani alimkumbusha, akamkumbusha tena, lakini mtahini alikuwa mtu mzito hapa chuoni na karani hakuthubutu kumsukuma.

Binti yako alikuja ofisini kwangu mara tatu. Mara ya kwanza alikuja kunisalimia tu na kuulizia kwa mbali. Mara ya pili alileta karatasi yenye tarehe zote za kufuatilia, imepangwa vizuri, kama wewe unavyopanga mambo yako. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki siku tisa nafasi ifungwe, na alilia. Alisema hajui amemkosea nani. Aliniomba kama baba nimsaidie kumjua huyo mtahini ni nani, si agombane naye, amwombe tu asome. Nikamwagizia chai. Nikamwambia mambo ya ofisi yana taratibu zake, awe na subira, nami nitaulizia chini kwa chini. Alinishukuru, Mwalimu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru.

Tasnifu yake ilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu, hatua mbili kutoka alipokaa. Mtahini wa pili ni mimi.

Nilipoletewa nilipaswa kuirudisha siku ileile, kwa kuwa ni mtoto wa rafiki yangu. Nikajidanganya kwamba nitamsomea kwa haki na kwa haraka kuliko mtu baki. Nikaanza kusoma, tena kwa furaha, hadi nikafika sura ya nne.

Unaikumbuka mizani ya maabara ya mbegu tulipokuwa tunasoma pamoja hapa, ile iliyowekwa chini ya dirisha? Asubuhi maabara ilikuwa ya mwaka wa kwanza, sisi tukaachiwa mchana, jua likiwa limeshaingia mpaka mezani. Wewe ulisema mizani ile ikipigwa na jua inayumba, tuihamishe, tupime upya. Mimi nikasema tutachelewa. Wewe ukaenda zako kufundisha, mimi nikabaki na jibu langu kwamba mbegu tuliyokuwa tukiipima ikaushwe siku sita. Kwa siku hizo sita nilipata shahada, nikapata uprofesa, na hao wa chuo rafiki walibisha hodi kwetu mara ya kwanza kwa sababu ya siku hizohizo. Binti yako ameirudia kazi ile asubuhi na mchana, kwa mizani mbili, misimu mitatu. Siku ni tisa. Jina langu amelitaja kwa heshima, akaandika kwamba vipimo vya awali huenda viliathiriwa na joto la chumba. Basi, hayo tu.

Kuikataa sikuweza, kwa kuwa haikuwa na kosa. Kuipitisha niliogopa, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Nikaifungia kabatini, na kila mwezi nikajiambia mwezi ujao. Nafasi ilifungwa nikiona kwa macho yangu, na barua ya kumwarifu kwamba ameikosa niliitia saini mimi, kama mkurugenzi. Sina cha kujitetea. Nilikuwa na aibu, nikambebesha mtoto.

Barua yako ndiyo iliyonivunja. Juzi niliandika ripoti, ikanichukua asubuhi moja tu. Nimeipitisha tasnifu bila marekebisho, nikaipeleka kwa mkono kwa mkuu wa masomo ya uzamili, pamoja na maelezo ya haya yote na barua ya kuacha ukurugenzi. Watanifanya watakavyo. Wenzetu wa chuo rafiki nao nimewaandikia. Wamejibu kwa mistari mitatu kwamba wanasikitika, ila aliyechukua nafasi ameshaanza kazi na hawawezi kumtoa. Hilo limekwenda na sina namna ya kulirudisha.

Jana nilimwita binti yako nikamweleza uso kwa uso. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama, kiti alikikataa. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama baba yake anajua. Nikamjibu kwamba utajua barua hii ikikufikia. Akaniuliza itachukua siku ngapi.

Basi, jibu lako ni hili. Binti yako alimaliza miezi kumi na sita iliyopita. Yeye hatakupigia, kwa sababu ulimkataza, na hajawahi kukuvunjia neno. Mpigie wewe. Mpigie sasa, kabla hata ya kuikunja karatasi hii. Mimi unaweza kunitukana baadaye, nipo.

Shemeji mweleze wewe, mimi sina uso wa kumwandikia. Wasalimie hapo nyumbani wote ambao bado watataka salamu zangu.

Ni mimi,
Mrefu