Ngozi ya Kuswalia

Jumanne, 5 Agosti 2025

Frank wa mradi ameniita "mshua" mbele ya watoto. Shikamoo haijui! Kazi niliyopewa ni kuwasaidia watoto wa wafugaji waliohamia huku wasimulie yaliyowapata, niyaandike kwa Kiswahili safi. Frank anataka machozi. Amemkataza Milembe, binti wa Kisukuma wa darasa la tano, kutaja ng'ombe. Ng'ombe hawamlizi mtu, eti. "Tupe uchungu, mdogo wangu." Nimemwambia binti awataje wote, rangi kwa rangi.

Alhamisi, 7 Agosti

Milembe amesimulia. Mmoja alikuwa mwekundu, baka jeupe mgongoni, ubavuni makovu matatu ya kucha za fisi. Mwezi wa sita wanaume wawili wenye mapanga walimnyang'anya ng'ombe huyo kando ya mashamba ya ufuta. Baba yake hasadiki. Anasema binti alilala, ng'ombe akapotea. Sasa anamtoa shule—mwongo hasomeshwi. Binti hakulia. "Ukilia kidogo tu, itabamba," Frank akamwambia. Nilimtoa Frank nje.

Nikarudi nyumbani kuswali alasiri. Msala wangu ni ngozi ya ng'ombe, zawadi ya shemeji Alfani, aliyechinja mwezi wa sita kwa harusi ya mwanawe. Ng'ombe wa kununua, alisema. Nilipokwenda sijida, mkono wa kushoto ukatua pasipo na manyoya. Mistari mitatu. Nimeipapasa miezi miwili!

Astaghfirullah. Na nyama yake nilikula. Niliomba kuongezwa mchuzi.

Ijumaa, 8 Agosti

Alfani hakukana. Alicheka. "Shemeji, aliingia kwenye ufuta wangu. Wale wana ng'ombe mia! Na wewe sahani mbili ulizifuta." Dada yangu Zuwena, mkewe, hakucheka. Kaniomba ninyamaze, wakwe watasema walilishwa wizi. Kisha akanimiminia chai. Sikuinywa.

Frank naye anataka tufute habari ya mapanga. Wanakijiji watanuna siku ya maonyesho, hadithi zikisomwa mbele yao. Juzi alitaka uchungu!

Nimeswali sakafuni.

Jumamosi, 9 Agosti

Zuwena kaja asubuhi mapema kuichukua ngozi. Nimemkatalia. Kaondoka akilia, hakuniaga. Dada yangu wa tumbo moja.

Baba yake Milembe ametuma salamu: anakuja na binti kuchukua daftari lake. Jumatatu binti anarudi machungani.

Ngozi nimeitandika barazani, manyoya juu, mbele ya mlango. Nimeingia ndani. Maneno nimeyapanga, nikayapangua. Mwalimu wa sarufi miaka thelathini na minne, na sina sentensi moja!

Hodi. Sauti ya mwanamume. Nyuma yake, "Shikamoo, babu," ya Milembe, kisha ikakatika.

Nimeitikia karibu mara mbili. Hakuna anayeingia.