Mrija Mdomoni, Mama Mkwe Mlangoni

Mama Athieno wangu, hujambo na watoto? Tororo jua linachoma.

Chungu cha pombe unachokiona kwenye kadi hii ndicho fahari ya makumbusho ya hapa. Wazee walikizunguka kwa mirija yao mirefu wakipatanisha koo. Nami nikainama, nikabana mrija mdomoni ili nipigwe picha.

Mara wakaingia akina mama wa kanisa kutoka Mulanda, na mbele yao mama yako! Mila unaijua: mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Nikakauka palepale. Mwongozaji akawaambia, "Mnaona? Wazee walikuwa wakinywa namna hii."

Mama akajifunika uso kwa leso.

Sina pa kuuweka uso, mpenzi. Akikuuliza, mwambie ile ilikuwa sanamu.

Wako, Baba Athieno