Gundi Isiyokakamaa

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba, mama. Hapa Butimba tu wazima. Kikohozi cha babu yako kimepungua, ameanza tena kugombana na kuku.

Unauliza utumie gundi gani, maana ile ngumu uliyotumia imeachia, ukanda wa plastiki umebanduka pembeni mwa kibao chako cha kwanza, kile cha bati ulichomtengenezea mwenye duka, naye sasa anataka kumpa kazi fundi mwingine.

Nilipojifunza kutengeneza vibao vya maduka kwa shangazi yangu kule Mkolani, nami niliipenda gundi inayokauka ngumu kama jiwe. Shangazi hakubishana. Alibandika kanda kwenye vipande viwili vya bati, kimoja kwa gundi yangu, kingine kwa silikoni, ile gundi inayobaki laini kama mpira, akaviweka juu ya paa. Jua likawaka, mvua ya ziwani ikapiga. Tulipovishusha, gundi yangu ilikuwa imepasuka. Plastiki hutanuka juani kuliko bati, na gundi ngumu haikubali kuvutwa. Silikoni ilivutika nayo, haikuachia.

"Kumbe laini ndiyo yenye nguvu?" nikauliza kwa hasira.

"Inamwachia mwenzake nafasi, basi," akacheka. "Wewe na gundi yako mmekakamaa."

Nenda kwa mwenye duka, ubandue ukanda huo mbele yake, umweleze kilichotokea. Naamini atakusikiliza. Kisha kwangua gundi ya zamani, ufute vumbi na mafuta, upake silikoni, urudishe ukanda na kuushikiza kwa utepe wa kunatia hadi kesho yake. Usiguseguse. Najua vidole vitakuwasha kwa hamu ya kugusa, mama. Vyangu viliniwasha usiku kucha.

Nakuwaza kila siku,
Bibi yako