Kreti ya Komunyo

Igunga, Jumapili

Mama Benigna,

Nakusalimu wewe na watoto hapo Ulyankulu. Huku mpunga umeshavunwa, nami bado nabeba kreti za soda kwenye ghala la tajiri.

Juzi alikuja mtu wa redio kuuliza kama serikali iongeze kodi kwenye soda ipate fedha za hospitali. Tajiri akaniita, "Tobia, wewe ndiye mkongwe hapa, mwambie soda ndiyo chakula chenu." Nikasema hivyo, na kodi nikaikataa. Wenzangu wakanicheka, "Mheshimiwa mbunge." Tajiri akanipa kreti nzima ya soda kwa sherehe ya komunyo ya kwanza ya Benigna wetu.

Mke wangu, kuna jambo nilikuficha. Miaka sita chakula changu cha mchana ni soda mbili na mkate, maana ndivyo tajiri anavyotulisha. Sasa nina ugonjwa wa sukari, na hospitali wamenikata kidole cha mguu. Kwa mguu huohuo nilisimama kuitetea soda.

Kreti nimeirudisha. Wageni wasipoona soda watanuna, najua. Wape togwa. Wakiuliza, waambie nimekatwa kidole.

Mumeo,
Tobia Manirambona